Nati Ishirini na Nne

Kwa miaka mingi ya ndoa yangu nilimjua baba mkwe wangu kuanzia kiunoni kwenda chini. Nilijua ndala zake, suruali yake ya kaki yenye kiraka gotini, kikohozi chake, na matairi ya pikapu yake. Uso sikuujua. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, halitaji jina lake wala hapishani naye njiani. Akisikia anakuja anajifunika kanga na kugeukia pembeni mpaka apite. Wenyewe wanaita ukutila, na siku hizo katika ukoo wa mume wangu ilishikwa kwa mikono miwili. Mimi ni mtoto wa ziwani, kwa wafinyanzi wa Ikombe. Kwetu nako mkwe anaheshimiwa, lakini sikulelewa kujitupa kichakani na ndoo ya maji kichwani kwa sababu mzee fulani amekohoa. Nilijitupa mara nyingi. Nikisema nilifanya kwa furaha nitakuwa nadanganya.

Mume wangu alikuwa na duka la spea mjini Kyela. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na vitu ambavyo zamani ulivipata kwa kujuana vikaanza kufika kwa magunia. Magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika yaliteremka mlima kutoka Mbeya kila wiki, mengine yakaishia kwetu, mengine yakavuka Kasumulu kwenda Malawi. Mume wangu alikuwa mtu wa safari. Leo yuko Mbeya, kesho yuko Kasumulu anasubiri mzigo forodhani. Dukani nilibaki mimi, na kazi ya kwanza aliyoniachia ilikuwa gunia zima la nati za magurudumu, zimechanganyika, akaniambia nizichambue.

Alidhani nitalalamika. Nilizipenda. Nilizimwaga kwenye turubai nikakaa nazo siku tatu. Nikajifunza kwamba nati si nati tu. Kuna iliyochongoka mdomoni kama kishina cha muhogo, hiyo inakaa kwenye rimu ya chuma, ambayo tundu lake limechimbwa kuupokea mdomo huo. Kuna yenye shingo ndefu na washa, pete bapa ya chuma, hiyo ni ya rimu nene za aluminiamu, ambazo watu waliziita rimu za spoti. Nikajifunza kwamba nati nzuri inaingia kwenye bolti kwa vidole mpaka mwisho kabla hujashika spana, na ikigoma njiani usiilazimishe, meno hayalingani. Nikajifunza kuhesabu mizunguko: ikishika mitatu minne tu na kukwama, hiyo haijashika kitu. Zile zinazong'aa sana nilizipima kiganjani. Nyingi zilikuwa nyepesi, na nyepesi nilizitupa kwenye debe la takataka hata mume wangu aliponinunia.

Cha mwisho sikujifunza kwenye gunia, nilitoka nacho nyumbani. Mama yangu alikuwa hauzi chungu kabla hajakigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kinaitika, chenye ufa kinanong'ona. Nati nayo ukiigonga kwa nyundo ndogo inakuambia. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Mafundi wa mtaani walinicheka, halafu mmoja mmoja wakaanza kuja kuazima nyundo yangu.

Sasa baba mkwe. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori za ushirika, akibeba mpunga na kakao. Ushirika ulipoyumba, lori zikasimama juu ya mawe, na yeye akarudi nyumbani Bujonde kulima. Kwa kiinua mgongo chake alinunua pikapu moja ya Kijapani, ya bluu, ambayo mama mkwe aliichukia kuliko mke mwenza. Alibebea mpunga, ndiyo, lakini kila mtu alijua ameinunua kwa ajili ya mbio.

Mbio hizo hazikuwa na kibali wala jina. Mpunga ukishavunwa na majaruba kukauka, yanabaki maeneo mapana, tambarare, udongo umekaza. Basi kuanzia mwezi wa nane, siku za sikukuu, wenye magari walikutana kwenye uwanja mmoja upande wa Bujonde, wakachomeka migomba kuonyesha njia, wakakimbiza magari kwa kuzunguka. Walikuja wafanyabiashara wa mjini, mwenye mashine ya kukoboa, madereva wa Kasumulu. Mshindi alipata jogoo. Watu wazima na mvi zao, kwa ajili ya jogoo! Baba mkwe wangu, mtu aliyeendesha lori miaka yote hiyo kwa mwendo wa kubembeleza kwa sababu mali si yake, alisubiri siku hizo kama mtoto anavyosubiri nguo za Krismasi.

Siku moja ya juma, saa za adhuhuri, jua la Kyela lile lisilo na upepo, nilikuwa dukani peke yangu na mimba ya miezi mitano. Nikasikia pikapu, nikasikia kikohozi. Haraka nikaingia nyuma ya pazia tulilolitundika kwa ajili hiyo hiyo, nikachuchumaa kati ya maboksi. Kwa kawaida, mume wangu akiwa hayupo, jirani yetu wa duka la nguo ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Alikuwa mzee Mwislamu, wazee wake walitoka pwani, na desturi hizi za kwetu zilimfurahisha kuliko redio. Akaja anajikokota, mguu wake mmoja ulikuwa mbovu.

"Karibu mzee mwenzangu. Mwenyewe kasafiri, lakini mama yumo. Sema shida yako, ukuta una masikio."

"Ndaga, bwana," baba mkwe akashukuru kwa Kinyakyusa. "Mwambie nataka nati za pikapu. Seti nzima. Hizi zangu zimeliwa meno."

Pikapu yake niliijua. Bolti sita kila gurudumu, rimu za chuma, nati iliyochongoka. Nilizijua hata kipimo. Lakini anayetaka nati huulizwa kwanza: za rimu gani? Ndilo swali la kwanza, ndilo nililomwuliza kila mteja. Na niliweza kuliuliza. Jirani alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Ningemnong'oneza maneno matatu, naye angeyapaza.

Sikuuliza. Magoti yalikuwa yanawaka moto, jasho linanitiririka hadi machoni, mtoto ananipiga mateke tumboni, na nilikuwa nimechoka. Nilichoka na pazia, nilichoka na maboksi, nilichoka kuwa mtu wa kufichwa katika duka ambalo kazi yake niliijua kuliko wenye nalo. Nilitaka aondoke. Nikahesabu nati ishirini na nne, nikazitia kwenye mfuko wa nailoni, nikausukuma kwa nguvu chini ya pazia hadi ukagonga mguu wa kaunta. Jirani akaupokea. Baba mkwe akalipa, akashukuru, akaenda.

Siku ya sikukuu asubuhi nilikuwa nafagia mbele ya duka niliposikia pikapu inakuja kutoka kituo cha mafuta. Nikageuka kama ilivyopasa, nikajifunika. Lakini nilikuwa na mazoea yangu. Uso ndio uliokatazwa, magurudumu hayakukatazwa. Nikatupa jicho chini ya kanga.

Rimu za spoti. Nene, zinang'aa, zimepigwa kitambaa mpaka jua linajitazama humo. Na katikati yake, nati zangu zilizochongoka.

Nati ile kwenye rimu ile haikai. Inaegemea ukingo wa tundu kwa mstari mwembamba tu, na aluminiamu ni laini, inaliwa. Tena rimu ni nene, kwa hiyo nati haifiki mbali kwenye bolti. Barabarani polepole, na mzigo wa mpunga, inaweza kukuvumilia hata wiki. Lakini kuzunguka kona ile ile, kulia, kulia, kulia, uzito wote ukiangukia magurudumu ya kushoto, breki zikichemka, hapo haikuvumilii. Na kwenye kona ndiko watoto wote walikokaa, kwa sababu ndiko magari yalikoinama.

Mume wangu alikuwa Kasumulu. Nikakimbilia kwa jirani, nikamweleza kwa pumzi moja. Hakunicheka. Alisema, "Basi funga duka, mwanangu, mimi nitasema naye." Nikachambua nati za shingo ndefu ishirini na nne na washa zake, nikaziangalia meno moja moja, nikachukua nyundo na spana ya magurudumu. Nikapanda baiskeli. Jirani akapanda yake. Mimi na mimba yangu, yeye na mguu wake, sijui nani alistahili kuonewa huruma zaidi, ila mimi nilikuwa na hofu, na hofu inakanyaga pedali. Nilipofika uwanjani nikatazama nyuma, jirani hakuonekana.

Magari yalikuwa yamekwisha kupangwa, saba au nane, injini zinaunguruma. Watu wamejaa. Pikapu ya bluu ilikuwa ya pili kutoka kushoto. Niliangaza nipate mtu wa kumtuma. Wanawake niliowashika mikono walidhani naumwa uchungu, wakataka kunilaza chini. Mwanamume mmoja nikamwambia, "Mwambie mwenye pikapu azime gari, magurudumu yatatoka," akacheka, akauliza mwanamke ameyajulia wapi magurudumu. Mwenye kitambaa cha kuanzisha mbio akaanza kukiinua.

Nikajifunika kanga mpaka puani, nikakatiza uwanja mbele za watu wote, nikapiga magoti kwenye gurudumu la mbele la kushoto la gari la baba mkwe wangu.

Kelele zilizofuata zilikuwa za watu waliomwona mtu mwenye wazimu. Kisha mama mmoja akapiga ukelele, "Mwe! Ni mkamwana wake!" na kelele zikafa. Injini zikazimwa moja moja. Nikasikia mlango wa upande wa pili unafunguliwa. Nikaziona ndala zake chini ya gari, upande ule mwingine. Zilisimama. Nilisubiri atukane. Nilikuwa tayari kutukanwa, nilikuwa hata na majibu.

Ndala zikageuka. Visigino vikaelekea kwangu. Alinipa mgongo, kusudi mimi nisiwe nimemtazama wala yeye asiwe ameniona, na nikasikia akiwaambia wenzake kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, nao wageuke. Wakageuka. Mwenye mashine, madereva wa Kasumulu, mwenye kitambaa, wote.

Nilishika nati ya kwanza kwa vidole tu, bila spana. Ikazunguka. Ya pili ikazunguka. Alikuwa amezifunga kwa nguvu zake zote asubuhi ile ile, nilikuja kuambiwa, na kutoka nyumbani kwake hadi kituo cha mafuta na kurudi uwanjani kulitosha kuzilegeza.

Ndipo jirani akafika, baiskeli huku, yeye huku, shati limelowa. Akajisimamisha kati yetu akivuta pumzi.

"Mwambie," nikasema chini ya kanga, "nati hizi si za rimu hizi. Nimeleta zake."

Akampazia maneno hayo, ingawa yule mzee alikuwa amenisikia wazi, alikuwa upande wa pili wa boneti tu. Tukasubiri wote jirani amalize, ndiyo heshima yenyewe.

"Mwambie mama," baba mkwe akajibu akitazama migomba, "kosa ni langu. Rimu nilinunua Mbeya, sikusema. Mwulize kama za nyuma nazo ni hivyo hivyo."

"Mwambie zote."

"Mwambie basi abadilishe zote. Jeki ipo nyuma ya kiti. Mwambie asiinue yeye, na hali aliyo nayo. Watu watainua."

Wakainua wakiwa wamegeuza nyuso, jambo ambalo si rahisi, na mmoja alijibana kidole. Nikabadilisha zote. Kwa vidole kwanza, kisha spana, nikiruka kutoka moja kwenda ya upande wa pili ili rimu ikae sawa, halafu nikazigonga kwa nyundo. Zikalia zote ishirini na nne. Nikakusanya zile za zamani kwenye mfuko ule ule wa nailoni, nikaondoka bila kugeuka. Mbio zilifanyika. Baba mkwe alikuwa wa pili kutoka mwisho.

Mama mkwe aliniita kesho yake. Alisema nimeutia ukoo aibu, na kwamba kwa kumkaribia mzee hadharani natakiwa kutoa kuku na kupika. Nilitoa kuku. Nilipika. Wakati wote watu walinisifu, jirani akinisimulia kwa kila mteja, kila siku akiongeza chumvi mpaka ikafika kwamba nililala chini ya tairi. Na mimi kila niliposifiwa nilijisikia vibaya. Yule mzee alikuwa amebeba kosa mbele za watu, na nusu ya kosa lile ilikuwa yangu. Nusu kubwa. Hakusema rimu gani, kweli, lakini kazi ya kuuliza ilikuwa ya mwenye duka, na mwenye duka hakuuliza kwa sababu ya hasira. Ningemwua kwa ajili ya magoti yangu.

Tangu hapo tukawa na utaratibu ambao hakuna aliyeupanga. Kila siku ya mbio, asubuhi, baba mkwe aliegesha pikapu nyuma ya duka, akaenda kunywa chai kwa jirani. Mimi nikatoka, nikakagua nati moja moja. Nikimaliza nachukua udongo mweupe, ule mama aliopambia vyungu, nakoroga kidogo, nachora mstari mwembamba kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika. Akitoka kwenye mbio huleta gari tena, anakwenda tena kwenye chai, nami natazama. Mwaka mmoja niliona mstari uliokatika, nikakuta bolti imevutika. Nikaiweka bolti hiyo juu ya kiti cha dereva aione. Wiki iliyofuata nikakuta kwenye kiti hicho samaki wakavu wamefungwa kwenye jani la mgomba. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, miaka mingi. Nilijifungua, nikajifungua tena. Mbio zikafa, wenye magari wakazeeka. Yeye akaendelea kuileta pikapu siku za sikukuu, ingawa haikwenda popote zaidi ya sokoni.

Kisha akaugua, kifua. Siku moja mchana aliniita. Katika ukoo ule mkwe mwenyewe anaweza kumfungulia mkamwana mwiko huo, na alikuwa ameagiza hivyo mbele ya mkewe na wanawe, akatoa na kitenge kipya. Nikaingia chumbani nimeinamisha kichwa kwa mazoea. Wakatuacha, mlango wazi.

"Nitazame, mwanangu," akasema.

Nikamtazama. Alikuwa na uso mwembamba, mpole, na kovu dogo kwenye nyusi ambalo mwanangu mkubwa naye, kwa kuanguka kwake mwenyewe, analo mahali pale pale. Nililia. Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya heshima, yakatoka mengine kabisa.

"Tata, baba yangu, siku ile ya nati nilipaswa kuuliza rimu gani. Nilikuwa na jirani pale, ningeweza. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilitaka uondoke."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamwinua nimshike mgongo, mgongo ule ule.

"Najua," akasema alipopata pumzi. "Nilisikia mfuko ulivyogonga kaunta. Mtu asiye na hasira hasukumi vile."

"Hukusema."

"Ningesema nini? Hata mimi, nilipozifunga nyumbani, niliona hazikai. Mimi dereva, nati isiyokaa naijua. Nikawasha gari nirudi dukani." Akavuta pumzi. "Nikafikiri, mume wake hayupo, nikirudi nitamchuchumaza tena yule mtoto kwenye joto lile, na tumbo lile. Nikazima gari."

Nje kuku walikuwa wanaparua kwenye mavuno ya kakao yaliyoanikwa, na hakuna aliyewafukuza.

"Leo sikukuu?" akauliza.

"Hapana, tata."

"Zitazame hata hivyo."

Nikatoka nikaenda kuchukua nyundo.